Katikati Hakuna Picha

Jumapili, 12 Januari. Vumbi limefunika jua tangu asubuhi. Mwendesha marudio ya picha wa uwanja wetu wa mieleka hapa Pikine, kando ya Dakar, hufuta vidole kwenye boubou, kanzu yake pana, kila anapotaka kugusa kitufe. Kwa mwanga huu hafifu picha za kasi zingetoka nyeusi, kwa hiyo aliishusha kamera hadi picha ishirini na tano kwa sekunde. Jioni, mdogo wake Birame, aliyekuwa akimpinga bingwa Latyr wa mtaa jirani wa Thiaroye, alianguka pamoja naye, na anayetangulia kugusa mchanga ndiye hushindwa. Ngoma zikanyamaza. Dada mtu akasogeza picha moja mbele, akarudisha moja nyuma, tena na tena.

“Dada, nani katangulia?” mwamuzi akauliza.

“Hapa wote wako hewani. Hapa wote wako chini. Katikati sina picha.”

“Si mdogo wako huyo?” mpiga ngoma akafoka. “Au wa Thiaroye wamekuloga?”

“Nikuonyeshe ambacho kamera haikuona?”

Mwamuzi akatangaza sare, na ubingwa ukabaki kwa Latyr.

Jumatatu, 13 Januari. Leo asubuhi jua lilikuwa kali. Aliipandisha kamera hadi picha mia mbili, akamwomba mdogo wake aanguke mbele yake. Birame akaanguka, bila kumsalimia.