Mfereji wa Nguva

Juzi kijana ninayefanya naye kazi ya kuhesabu nguva, wale wanyama wa baharini, aliandika "hakuna" kabla hata hajashuka botini, nami nikakumbuka alasiri moja ya utotoni karibu na Siyu, maji yakiwa yamekupwa.

Matope yalinuka mikoko na chaza. Mama alikuwa akitafuta pweza, nami nimembebea kikapu, ndipo akaja mtafiti mwenye daftari na mabuti ya mpira. Mama akamwonyesha mfereji mwembamba uliokata nyasi za bahari kama njia.

"Hii ndia ya nguva. Amekula hapa asubuhi."

"Hiyo ni alama ya nanga, Bi. Nguva hawapo."

"Nanga haili mizizi, Bwana."

Mtafiti akacheka, akatoa kalamu. Mimi niliamini kwamba akiandika hawapo, watakufa palepale. Basi nikaketi ndani ya mfereji, nikakataa kuondoka mpaka aupime. Mama hakunikemea. Maji yalipoanza kumwingia mtafiti mabutini, akatoa utepe wa kupimia.

Leo najua kalamu haiui papo hapo. Huchukua muda, kwa sababu nguva wakiandikwa hawapo, nyavu huruhusiwa, nazo huwanasa.

Basi juzi nilimwambia yule kijana avue viatu, ashuke. Kisha nikatangulia kushuka, nikaketi matopeni kumngoja.