Ukoko wa Waridi

Baba alirudi nyumbani kutoka Mombasa wakati mimi tayari nina watoto wangu. Huko alifanya kazi miaka yote ya nguvu zake, akiwafunga samaki wa mapambo kwenye mifuko ya maji ili wasafirishwe ng'ambo. Alikuwa akija Krismasi, anakaa kama mgeni, halafu anaondoka kabla hatujamzoea. Aliyetulea ni Mama. Alitulea hapa karibu na Kapsoit, akichuma chai ya watu na ya kijishamba chetu, akipika kwenye jiko la kuni ambalo moshi wake ulikuja kumla mapafu.

Siku alipostaafu, Baba alishuka kwenye pikapu na tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, taa, pampu, magunia ya chumvi na mawe. Mama alisimama mlangoni akimtazama.

"Mzee, mawe huku tumekosa?"

"Haya ni ya baharini."

"Na bahari iko wapi?"

Baba alilitoa kabati la vyombo sebuleni na kuliweka tangi pale.

Karibu mawe yote yalikuwa meupe, makavu kama mifupa. Moja tu, ambalo lilisafiri ndani ya ndoo ya maji pamoja na samaki wachache wadogo, lilikuwa limefunikwa na kitu kigumu cha rangi ya waridi. Nilidhani ni rangi ya mkebe. Baba akanieleza kwamba ni mwani, mmea wa majini, unaojijengea chokaa na kugandia jiwe kama ukoko unavyogandia sufuria ya ugali. Alitaka uenee mawe yote.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kumuuguza Mama, kwa hivyo nilimwona Baba akihangaika. Alilikwangua lile jiwe kwa kisu butu ndani ya maji, chembe zikabebwa na mkondo wa pampu hadi kwenye mawe meupe. Alitumia maji ya mvua aliyoyachuja na kuyatia chumvi, maana ya mto yalibeba mbolea ya mashamba na kuotesha mwani wa kijani, wa nywelenywele, unaosonga kila kitu. Alipima chokaa ya maji kwa matone ya dawa, akaongeza kidogo kidogo. Baridi yetu ilimtesa. Kipasha maji hakikuzimwa. Taa nayo aliipunguza ukali.

"Huu hautaki haraka," aliniambia. "Ukiharakisha, unaota ule mbaya."

Nilimsikiliza huku moyo wangu umefura. Alijua mawe yake yanakula nini, ilhali hakuwahi kuuliza sisi tulikula nini alipokuwa huko. Dawa za Mama bado alikuwa akiniuliza ni zipi za asubuhi.

Mama alilala chumba kilichopakana na sebule. Hospitali ilikuwa imemruhusu aje nyumbani na mashine ya oksijeni, na kwa kuwa stima kwetu hupotea ovyo, tulinunua betri kubwa ya kuiendesha. Baba akaunganisha tangi lake hapo hapo. Hakuna aliyelalamika. Kwa kawaida stima ilirudi haraka.

Asubuhi moja Baba aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake. Kwenye jiwe jeupe palikuwa na vidoa vya waridi, vidogo kama mbegu za wimbi, na vingine pembeni mwa kioo. Alikuwa anacheka. Akaenda hadi mlango wa Mama.

"Njoo uone."

"Nitakuja na miguu ya nani?" Mama alisema.

Baba akarudi kwenye maji yake.

Vile vidoa vilikuwa vimeanza kuungana mvua ya mawe ilipotupiga. Ilikuja alasiri, ikapasua majani ya chai hadi matawi yakabaki uchi, na nguzo za stima zikalala barabarani. Kesho yake mchana betri ikaanza kulia. Baba alikwenda Kapsoit kutafuta jenereta, akarudi amelowa, mikono mitupu. Kila aliyekuwa nayo aliihitaji. Alisimama mbele ya betri akitazama taa yake nyekundu. Kisha akachomoa waya wa kipasha maji. Akachomoa na wa pampu.

"Baba, tunaweza kuyakoroga maji kwa mkono," nilisema.

"Acha."

Nyumba ikabaki na mlio wa mashine ya Mama tu.

"Maji yamenyamaza?" Mama aliuliza nilipoingia.

"Yamenyamaza."

"Nani ameyanyamazisha?"

"Ni Baba. Betri inaisha."

Alifumba macho, akavuta pumzi mara kadhaa.

"Mwambie nimesikia."

Nilimwambia. Baba akavaa gambuti, akatoka kwenda kuiangalia chai iliyopigwa.

Jirani alituletea jenereta yake jioni, betri ikiwa karibu kukata. Samaki walikuwa wanaelea tayari. Baada ya siku chache maji yalinuka, na ule ukoko ukafifia hadi mawe yakawa meupe tena. Baba aliyamwaga maji nyuma ya nyumba, mbali na mboga. Hakujaza mengine.

Nilitarajia wangezungumza, hao wawili. Sikuwasikia. Baba alianza kukaa na Mama mchana, yeye kwenye kiti, Mama amegeukia ukuta. Siku moja nilimkuta akimkata kucha za miguu, Mama akimwachia mguu. Chai ilipoanza kuchipuka upya Mama alikufa, Jumapili, nikiwa nje naosha sufuria. Baba ndiye aliyekuwa chumbani. Alitoka akaniambia, "Zima mashine."

Baada ya mazishi alihamia Sigor kwa ndugu yake. Hunipigia simu akiuliza kama huku kumenyesha. Namwambia kumenyesha. Naye anakata.