Shaame Alitufundisha Kuanguka

Enzi zetu pale Gando, kisiwani kwetu, miaka ile baada ya Mapinduzi, mtoto hakujua kukaa. Ukishatoka chuoni kusoma Kurani, ukala muhogo wako wa nazi, ni kucheza mpira, nage na chandimu, mpaka magharibi, na unarudi nyumbani una vumbi hadi ndani ya masikio. Siku hizi namuona mjukuu wangu kajilaza na simu, anaitwa haitiki. Huyu akichomwa na mwiba ataiuliza simu namna ya kuutoa!

Basi likaja gari la sinema. Kikatundikwa kitambaa cheupe, tukaona watu wanapigana mateke ya hewani. Wallahi hatukulala. Kulipokucha tukaivamia migomba ya Bi Mize, jirani yetu, tukaipiga mateke mpaka mmoja ukalala. Bi Mize alitukimbiza na mwiko mtaa mzima.

Wakati huo alikuwepo Shaame, kijana wa mtaani kwetu aliyejifunza judo Unguja. Tukamwendea: tufundishe kurusha watu. Akatukusanyisha makumbi ya nazi, tukayajaza magunia, tukayapanga nyuma ya nyumba yao. Ndiyo godoro letu hilo, na lilikuwa likiwasha! Tukavua mashati, kila mtu keshamchagua wa kumrusha. Shaame akasema, "Leo mtajifunza kuanguka."

Kesho yake, kuanguka. Mwezi mzima, kuanguka tu. Kwa nyuma, kwa ubavu, kwa mbele. "Kidevu kifuani! Usijizuie kwa mkono, utavunjika! Piga kiganja, jiviringe!" Wengi walichoka wakarudi kwenye chandimu yao. Mie nilikuwa mwoga, tena mwenye hasira za upesi. Nilibaki kwa sababu pale kila mtu alikuwa chini, hakuna wa kumcheka mwenziwe.

Shida ilikuwa kwa mama. Kaka yake, mjomba Kombo, alianguka kutoka kwenye mkarafuu mbele ya macho yake, akatua kwa mgongo. Mie nilizaliwa nikamkuta wa kitandani, na hapo kitandani ndipo Mungu alipomchukua. Kwetu neno kuanguka halikutajwa. Mama aliposikia habari za Shaame alinishika sikio.

"Watoto wa wenzangu wafundishwa kusoma, weye wafundishwa kuanguka? Wataka niuguze Kombo wa pili?"

Akanikataza katakata. Nikawa nakwenda kwa kujificha, na kila jioni najikung'uta makumbi nyweleni kabla ya kuingia ndani.

Msimu wa karafuu ukafika, skuli zikafungwa, sote tukaingia mashambani. Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika. Mie nilikuwa juu na mama yuko chini, anachuma kwenye matawi ya karibu. Likakatika. Sikumbuki kufikiri chochote. Nakumbuka kidevu kifuani, miguu imegusa ardhi, nikajiviringa kwenye mteremko, kiganja pa! Karafuu zimemwagika zote. Nikasimama.

Mama alikuwa kajifunika uso kwa kanga, hathubutu kutazama.

"Mama, mie mzima."

Akanipapasa mgongo wote huku akilia. Halafu akanizaba kofi.

"Kumbe bado wenda kwa Shaame?"

"Ndiyo, mama."

Usiku ule, tunachambua karafuu, alinitupia gunia moja zima. "Nendeni mkatie makumbi mapya humo. Magunia yenu yatakuwa yashachakaa."

Nikadumu na judo miaka mingi. Ubingwa sikuupata. Lakini hasira zilinipungua, maana utamchukiaje mtu anayekupa mkono uinuke kila jioni? Na mpaka leo, uzee huu, nikiteleza nainuka, najikung'uta, naendelea na safari.

Mwaka huu Bi Mize aliteleza uani akavunjika nyonga. Tangu hapo mama, naye ajuza sasa, akagoma kutoka. Harusi haendi, kumtazama mgonjwa haendi, ukutani kashikilia tu. Iliniuma sana kumuona vile. Siku moja akaniuliza, uso kaupeleka pembeni, "Ule mchezo wa Shaame, bado waujua?"

Nikatandika magodoro mawili ya sponji. Siku hizi yamejaa kila chumba, malaini, na hakuna mtoto anayejiangusha juu yake ila kwa usingizi. Mama akajifunga kibwebwe, akakaa ukingoni, nami nimemshika mabega. "Kidevu kifuani, mama." Akajiachia kidogo kidogo, anacheka kama msichana. Hata mjukuu wangu aliiweka simu chini.

Mara ya mwisho alikataa kushikwa. Alijiachia mwenyewe, akapiga kiganja, akabaki amelala anatazama dari. Nikamwinamia, nikidhani kaumia.

"Kombo hakuwa na wa kumfundisha," alisema. "Masikini kaka yangu."

Kisha akanyoosha mkono nimwinue, akauliza baibui lake liko wapi, anataka kwenda kumtazama Bi Mize.