Dawati Lililotolewa Kwenye Picha

Wiki moja baada ya uchaguzi, Mmarekani mmoja alipanda hadi shuleni kwetu, juu ya Bumbuli, kupiga picha darasa langu kwa sababu watu walikuwa wamepigia kura humo. Alinikuta nasahihisha madaftari. Habari hakuniuliza, sembuse shikamoo. Alifungua kompyuta yake akanionyesha picha za vituo vya kupigia kura vya kwao. Kimoja kilikuwa gereji: sanduku la kura katikati ya matairi, na mguu wa meza umewekewa tofali.

"Unaona, Mwalimu?" alisema kwa Kiswahili chake cha kozi. "Kwetu demokrasia inaingia popote."

Kisha akageukia darasa langu. Akapiga picha dirisha lisilo na kioo, akapiga picha ufa wa ukutani, huku akitikisa kichwa kama yuko msibani. Nikamuuliza kwa nini gereji yao ni demokrasia na ufa wetu ni msiba. Akacheka, akanipigapiga begani. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu!

Chini ya ule ufa palikuwa na dawati jipya, nalo lilikuwa linamharibia picha. Wazazi ndio waliolitengeneza, na mbao zake walizibeba kichwani kupanda mlima. Yeye akaliinamia na kuanza kulisukuma litoke kwenye picha.

Nikatoa simu, nikampiga picha akisukuma. Siku hizi mtu akiniuliza demokrasia ya Marekani ikoje, simwelezi kitu. Namwonyesha picha hiyo.