Namba Tano

Siku ya kwanza kazini nilihesabu vibaya. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, mimi nikiwa mkubwa wa watoto wanne, nikaacha shule. Nilitembea kutoka mtaa wetu wa Kinama hadi klabu ya makasia, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kuomba kazi ya kuosha mitumbwi. Kocha Mkuu akanitazama mbavu.

"Mi natafuta mutu mwepesi. We unakulaka kweli?"

"Nakula, Kocha. Siku zingine."

Akanifanya mshika usukani. Wapiga makasia wanne huipa njia mgongo. Mshika usukani hukaa nyuma akiwatazama, kamba mbili za usukani mikononi, na ni yeye peke yake anayeona mbele. Kabla ya kuondoka, na kila ukungu unapoingia, huwaamuru wahesabu: kila mmoja husema namba ya kiti chake, kuanzia mbele. Siku ile walipofika nne, nami nikaitika, "Tano!"

Walicheka hadi mtumbwi ukayumba. "Eh, Namba Tano! Kasia yako iko wapi?"

"We haujihesabu," Kocha Mkuu akasema, bila kucheka. "Tano haiko. Siku utasikia tano, simamisha mutumbwi."

Nilianzia mtumbwi wa mazoezi, kisha wa mashindano, chini ya kocha mwingine aliyependa kufukuza watu. Mdogo wangu Eliya alikuwa amejiunga nasi, kiti cha kwanza, kule mbele kabisa, ambako mtumbwi ukigonga kitu mtu huumia kwanza.

Asubuhi ya mchujo wa timu, ukungu ulishuka ghafla. Kocha huyo akapiga kelele kutoka ufukweni, "Endelea! Mwenye atasimama, kesho asirudi!" Kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba yetu. Hata hivyo niliamuru wahesabu.

"Moja," akasema Eliya. Mbili. Tatu. Nne.

Kisha, kutoka ndani ya ukungu, sauti ya mzee, yenye kukwaruza: "Tano."

Hakuna aliyecheka. "Shika mai!" nikaamuru, yaani makasia yazamishwe, mtumbwi usimame. Nyuma ya mgongo wa Eliya, karibu kumgusa, kiboko akainuka, akatutazama, akazama.

Kocha alitaka kunifukuza. "Basi na mi natoka," Eliya akamwambia, na wale watatu wakasema vilevile. Tukabaki.

Niliifanya kazi hiyo mpaka magoti yakakataa kukunjika. Wadogo zangu wote wamesoma kunizidi. Eliya, ambaye hakuwahi kunenepa, amerithi kiti changu. Vijana huniuliza kazi ile inataka nini. Nawaambia masikio.

Wiki iliyopita nilikwenda ufukweni alfajiri, kwa mazoea tu. Ukungu ulikuwa umefunika ziwa. Sikuona mtumbwi, nilisikia tu Eliya akiamuru hesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Hapo kwenye maji kati yao na mimi, kitu kikubwa kikapumua.

Nilifungua kinywa nimwite mdogo wangu kwa jina. Neno lililotoka lilikuwa jingine.

"Tano!"

"Shika mai!" akaamuru Eliya. Nikasikia makasia yakizama.

Nilisimama pale nimeshika koo langu. Sauti ile yenye kukwaruza niliifahamu. Nilikuwa nimeisikia mara moja tu, nikiwa kijana.