Mota ya Jiko la Meneja

Darasa la pili niliishia, wala sioni haya kulisema. Umeme sikufundishwa na mtu. Niliupata wakati wa Mwingereza, kwenye shamba la mkonge karibu na Makanya, nikipangusa jenereta na kuitazama mikono ya fundi.

Uani kwa meneja palikuwa na jiko la kuchomea mbuzi. Mkaa chini, mbuzi mzima juu kwenye chuma, na mota ya umeme inamzungusha. Siku moja wageni wamekwisha kuketi, mota ikagoma. Fundi mitambo, Mzungu, akaifungua, akainusa, akasema imeungua.

Nikasema haijaungua.

Meneja akanitazama. "Itengeneze, basi. Ukishindwa, kesho unarudi kukata mkonge."

Mkonge nilikuwa nimeukata miaka minne. Viganja vyangu vilijua anasema nini.

Mpishi, mtu wa huko Mamba aliyeoa kwetu, akanivuta shati. "Shemeji, omba radhi. Mbuzi nitamgeuza mimi kwa mkono."

"Wewe geuza ugali wako."

Kwetu mlimani maji yasipofika shambani, huanzi kuchimba shambani. Unapanda hadi ndiva, bwawa letu la juu, halafu unashuka na mfereji hatua kwa hatua mpaka uone yanapopotelea. Nikafanya hivyo hivyo. Nikachukua globu yenye nyaya mbili, nikaanzia kwenye jenereta. Ikawaka. Kwenye swichi ya ukutani, ikawaka. Nikapita kiungo cha waya nyuma ya jikoni, ikakataa.

Pale juu ya waya palining'inia vipande vya nyama iliyotiwa chumvi.

"Nani kaanika hapa?"

Mpishi akatazama chini. "Kuna upepo mzuri, shemeji. Inakauka upesi."

Maji ya chumvi yalikuwa yamechuruzika kwenye kile kiungo miezi na miezi, yakaila shaba mpaka ikakatika. Nikaagiza jenereta izimwe. Naam, niliagiza mimi, na yule Mzungu akaenda kuizima. Nikakata pabovu, nikakwangua, nikasokota, nikafunga utepe.

Jenereta ilipowashwa, mbuzi akazunguka.

"Nini kiliukata waya?" meneja akauliza.

"Jua, bwana."

Akaniambia kesho niripoti karakana, kwa ufundi, si kwa kupangusa.

Mpishi akaniletea mbavu nzima. Nikazila pale pale uani, nimesimama, mbele ya wageni wote.