Cherehani ya Kijani ya Bi Pindo

Wanaomtafuta wifi yangu hawaulizi jina lake. Huuliza kwa Bi Pindo, na hata mgeni aliyehamia jana huonyeshwa bila shida: nyumba ya tatu baada ya duka la dawa, yenye kibaraza kilichozibwa kwa pazia la mistari. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo lake halifumuki. Gauni litachakaa, litapauka, litageuzwa tambara la kupigia deki, na pindo bado limeshika. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli. Mimi si mtu wa kumnyima mwenzangu haki yake, ingawa haki ya wifi yangu hunitoka kwa shida.

Ni dada wa pekee wa marehemu mume wangu, aliyemzidi miaka minne. Baba yao alipofariki, pesa ya shule ilitosha mtoto mmoja. Yeye alikuwa darasa la saba na haachi nafasi tatu za mwanzo. Akaambiwa akae nyumbani ili mdogo wake aendelee. Akakabidhiwa cherehani ya mama yao, ile ya kukanyaga kwa miguu, ya rangi ya kijani, akaanza kushona mashati ya shule ya watoto wa watu. Suruali ndefu ya kwanza aliyovaa mume wangu ilishonwa na dada yake, na ada yake ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilitoka kwenye cherehani hiyo hiyo. Habari hii niliisikia siku niliyopelekwa kutambulishwa, nikaisikia tena harusini, nikaisikia kila mtoto alipozaliwa katika ukoo ule. Mwenyewe haisimulii kwa majivuno. Huisimulia huku amebana pini mdomoni, kama anayekwambia mvua ilinyesha jana, na hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Mimi nilisoma. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, tisa kati ya hiyo nikiwa mkuu wa shule, na mtaa mzima huniita Mwalimu. Mume wangu, karani wa idara ya maji, hakununua hata balbu bila kuniuliza bei. Lakini kila Jumamosi asubuhi alikwenda kibarazani kwa dada yake, akakaa kwenye kigoda kando ya kapu la vipande vya vitambaa, na akirudi alikuwa bado anacheka jambo ambalo hakuweza kunieleza. Nikimuuliza, alijibu kwamba ningekuwepo ningeelewa. Sikuwahi kualikwa niwepo. Au nilialikwa, nikasema nina madaftari ya kusahihisha.

Moyo ulimsimama mwaka jana, wiki ya tatu baada ya kustaafu, amekaa mezani anasubiri chai. Siku chache baada ya mazishi nilimpelekea Bi Pindo shati la kaka yake aliloliomba kama kumbukumbu, nikakuta kitu kipya kibarazani. Ilikuwa cherehani ya umeme, kijani kibichi, inayodarizi yenyewe ukishaiwekea ua unalolitaka. Ile ya mama ilikuwa imesogezwa ukutani.

"Kaka aliniagizia mtandaoni," alisema. "Aliniambia kuna mzigo unakuja, nisiulize, ameshapanga kila kitu. Umefika siku tunamzika, wifi. Jirani wa dawa ndiye aliyeupokea."

Wanawake waliokuwa wakisubiri nguo zao walijifuta machozi. Mimi niliitazama cherehani. Katika miaka ishirini na minane ya ndoa, mume wangu alininunulia saa ya ukutani, miwani mara mbili na mwavuli, na vyote nilivichagua mwenyewe dukani yeye akiwa nyuma yangu na pochi mkononi. Huyu alichaguliwa kitu kwa siri.

Kwa miezi kumi na moja sikuwa na pa kuikimbia. Ukienda saluni, wanasifia cherehani ya kaka. Ukienda kununua mkate, muuzaji amevaa blauzi iliyodariziwa na cherehani ya kaka. Lile shati nililompelekea, nililolipiga pasi mwenyewe kwa mara ya mwisho, Bi Pindo alilifumua akalishona kuwa kifuniko cha mashine. Kola ilikaa juu, vifungo mbele. Kila jioni alikuwa anaifunga vifungo.

Simu ya marehemu sijaizima. Naichaji kila Jumapili na kuirudisha juu ya kabati, na sababu ni yangu. Jumapili moja niliikuta na ujumbe kutoka kwenye duka hilo la mtandaoni. "Ndugu mteja, katika ukaguzi wa hesabu zetu tumebaini kuwa bidhaa uliyoagiza ilifika lakini haikulipiwa. Tafadhali lipa ndani ya siku kumi na nne. Usipolipa, tutaichukua bidhaa." Chini yake palikuwa na kiasi, na bidhaa yenyewe: cherehani ya umeme, moja.

Kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa furaha. Niliketi kitandani na simu mkononi, nikaona kwamba ile zawadi iliyoliliwa na mtaa mzima haikuwa zawadi. Hofu ilikuja baadaye kidogo. Jina lililoandikwa kwenye deni lilikuwa la mume wangu, na ndilo jina ambalo watoto wetu wawili wanalitumia makazini kwao.

Hatukuwa peke yetu, kumbe. Wiki ile ile jirani wa dawa alidaiwa godoro alilolilalia mwaka mzima. Alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba duka lije tu kulichukua, ila wambebe na yeye, maana limeshashika umbo lake na hakuna mwingine atakayeenea. Watu walicheka. Kwangu lilikuwa jambo la marehemu, halina mzaha.

Nilipiga simu dukani. Msichana mwenye sauti ya upole alifungua kumbukumbu zao akanisomea. Malipo: wakati wa kupokea. Maelezo ya mteja: iwe ya kijani, kama ya mama. Nilimwomba arudie hapo, akarudia. Kisha akanisomea maneno ya dereva: amepiga namba ya mteja, amepokea mwanamke, amesema mwenye simu amefariki na mzigo umeshalipiwa.

Mwanamke huyo alikuwa mimi. Nilikumbuka vizuri nilipokuwa nimesimama: mlangoni, nguo nyeusi, jeneza linasubiriwa, simu yake inalia mkononi mwangu. Mwanaume fulani aliuliza habari za mzigo na malipo. Nilidhani ni wale wa viti vya kukodi, ambao nilikuwa nimewalipa tangu asubuhi, nikamjibu kwa sauti niliyokuwa nikiwajibia wazazi wanaokuja ofisini na visingizio. Nilimwambia mwenye simu amefariki, na nyumba hii haipokei kitu kwa mkopo, kimelipiwa, apeleke. Akanipa pole, akaenda zake. Nani angebishana na mjane siku hiyo?

Likabaki jambo moja, nalo nililijua kabla sijafungua kabati. Wiki moja baada ya mazishi, nikipanga masweta ya marehemu, nilikuta bahasha ameiandika kwa mkono wake neno moja, Mzigo, na ndani yake pesa. Sikuelewa ni mzigo gani. Ziliongezwa kwenye marumaru ya kaburi, nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, ambayo hakuna kaburi lingine katika mstari ule limeifikia, na watu walilisema hilo nikasikia. Bahasha bado ninayo, na kwa desturi yangu nilikuwa nimeandika juu yake kiasi nilichokikuta. Kililingana na deni hadi senti ya mwisho.

Kwa hiyo mume wangu hakuwa mdaiwa. Alipanga kila kitu kama alivyomwambia dada yake, na mimi nikakipangua. Nilikuwa na akiba ya kupaka nyumba rangi, ningeweza kulipa siku hiyo hiyo na mtu asijue. Sikulipa. Kila asubuhi nilijiambia nitalipa mchana. Nilitaka Bi Pindo aonje, hata kwa siku moja, kuwa na kitu cha yule mtu na kuambiwa si chake.

Siku ya kumi na tano nilikwenda kibarazani kwake, nikijidanganya kwamba nakwenda kumtayarisha. Alinivutia kigoda, kile kile. Palikuwa na wateja watatu, mmoja wao mama wa bibi harusi mwenye ulimi usiopumzika. Sijafungua mdomo, pazia likasogezwa na mwanaume wa makamo mwenye faili kwapani na kitambulisho shingoni.

Alisalimia vizuri, kisha akasema ametumwa na duka kuichukua cherehani kwa kuwa haijalipiwa. Bi Pindo hakuinua kichwa. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Umekosea nyumba, ndugu yangu," alisema. "Kaka yangu hajawahi kukopa hata kiberiti."

"Jina ni hili hapa, mama. Deni ni lake."

"Kumbe zawadi yenyewe ya mkopo," alisema mama wa bibi harusi, kwa sauti ya chini iliyomfikia kila mtu.

Bi Pindo aliweka kiganja juu ya mashine, kama unavyomshika mtoto kichwani barabarani. Akanigeukia. "Wifi, wewe umesoma. Hebu isome karatasi yake, kisha akamwambie aliyemtuma."

Nilikuwa nimeungoja uso ule uanguke kwa miezi kumi na moja, na sasa ulikuwa unaanguka mbele yangu. Ila ulikuwa uso wake yeye: paji lile lile, mashavu yale yale yanayoshuka upande wa kushoto kwanza. Ndivyo alivyokuwa akionekana mume wangu nilipomkosoa mbele ya wageni.

"Kaka yako hakukopa," nilisema. Niliisema kwa sauti ya kusikika, maana lile neno la mkopo lilikuwa limesikika. "Pesa aliiacha kwenye bahasha, kamili. Mimi ndiye niliyeitumia, nikanunulia marumaru ya kaburi. Na dereva alipopiga simu, mimi ndiye niliyemwambia mzigo umelipiwa. Deni hili ni langu. Yeye hana deni na mtu."

Mama wa bibi harusi akapata ghafla uzi wa kuchambua kwenye sketi yake. Jina langu lilikuwa linaondoka pale kibarazani, na nilijua litakuwa limefika saluni kabla yangu.

"Marumaru ile nyeusi?" Bi Pindo aliuliza.

"Ile ile."

"Na mimi nilijiuliza. Kaka na maandishi ya dhahabu, wapi na wapi." Mdomo wake ulianza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akavua miwani. "Alikuwa anasema hapo hapo ulipokaa, wifi: Mwalimu ukimtuma kijiko, atarudi na kabati la kukiwekea."

Mfanyakazi wa duka akainamisha kichwa kuficha meno. Mimi nilibaki na maneno yale. Kwa hiyo Jumamosi zote nilikuwepo. Walikuwa wakinicheka, au wakicheka kwa ajili yangu, siwezi kujua, na aliyeweza kunieleza yupo chini ya marumaru yangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba msemo ulikuwa mzuri, wa kwangu mimi, na alikuwa amemwachia dada yake.

Nililipa pale pale kwa simu, rangi ya nyumba ikaishia hapo. Bi Pindo alitaka tugawane, kidogo kidogo kila mwezi. Nilimkatalia. Mtu wa duka akaandika risiti, akauliza aweke jina gani. Nilimtajia la mume wangu, herufi kwa herufi, akaliandika vizuri.

"Nipe hiyo, wifi, niiweke na karatasi za mashine," Bi Pindo alisema akinyoosha mkono.

Nilimjibu kwamba nyaraka za marehemu nazitunza mimi, zote ziko faili moja.

"Sawa. Ikiharibika nitakushtaki wewe." Akavuta utepe wa kupimia kutoka shingoni. "Haya, simama nikupime. Miaka yote hii umekuwa ukivaa vya dukani, mapindo yananing'inia, najikaza nisiseme."

Nikasimama. Alinizungushia utepe kiunoni bila kuniambia namba, nami sikuuliza.

Siku hizi Jumamosi nakwenda. Nakaa kwenye kigoda, yeye anadarizi, na akitaka kuipumzisha mashine anaifunika kwa lile shati na kufunga vifungo, kuanzia juu. Mimi nilikuwa nikivifunga kuanzia chini. Kila wiki huiulizia risiti, na kila wiki namwambia nitaitafuta. Ipo kwenye mkoba wangu, mapajani, kilomita moja na nusu kwenda, kilomita moja na nusu kurudi.